Simba Anapokimbia Mlingoti: Kutatua Matatizo ya Bendera Zinazotokana na Ngao

Umeipenda ngao fulani, ukakaa na kompyuta jioni nzima kuigeuza bendera, na sasa bendera iko mbele yako lakini haikukai. Kuna kitu kinakukera na huwezi kukitaja. Kabla hujagusa chochote, ichapishe mara mbili: moja ndogo kama stempu ya barua, nyingine ukubwa wa karatasi ya kawaida. Ile ndogo itazame ukiwa umenyoosha mkono. Ile kubwa ibandike ukutani, rudi nyuma hatua kumi, kisha geuka ghafla uiangalie kwa sekunde moja tu. Utakachokiona katika sekunde hiyo ndicho atakachokiona mpita njia upepo ukivuma.

Nimechora bendera za aina hii kwa kujifurahisha kwa miaka kadhaa, na karibu kila kosa nililofanya lina mzizi mmoja: nilinakili picha badala ya kusoma maneno. Katika heraldiki, yaani elimu ya nembo za kingao, ngao halisi imo kwenye maelezo rasmi, ambayo wenyewe huyaita blazoni. Chukua ya Kenya kwa Kiswahili cha kawaida: ngao iliyogawanywa kwa mlalo, juu nyeusi, chini kijani, katikati mkanda mwekundu wenye kingo nyeupe, juu ya mkanda jogoo mweupe aliyeshika shoka jeupe kwa mguu wa kulia. Basi. Jogoo awe mnene au mwembamba, mkia uwe na manyoya matano au tisa, maneno hayasemi. Wachoraji mia watachora majogoo mia na wote watakuwa sahihi. Bendera yako ni jogoo wa mia na moja, aliyechorwa kwa ajili ya kitambaa cha mstatili na si kwa ajili ya ngao yenye ncha chini. Ukikwama popote katika haya yafuatayo, funga picha, fungua maneno.

Dalili: kwa mbali inaonekana doa

Chanzo cha kwanza cha kushuku ni kwamba umepandisha nembo nzima. Nembo kamili ina ngao, kofia ya chuma, kishungi juu ya kofia, wahimili wawili walioshika ngao ubavuni, ardhi wanayosimama juu yake, na utepe wa kaulimbiu. Yote hayo yalibuniwa yatazamwe kwa karibu: kwenye muhuri, mlangoni, juu ya barua. Bendera inachukua ngao peke yake. Simba wawili wa nembo ya Kenya na neno Harambee hubaki kwenye nembo.

Chanzo cha pili ni kigumu zaidi kukigundua. Umeacha mapambo yote ukabaki na ngao, lakini umeiweka katikati ya kitambaa kitupu, na muhtasari wake unaonekana kama bakuli lililoachwa mezani. Ondoa muhtasari huo pia. Uwanja wa ngao, yaani rangi ya chini inayobeba alama, utandazwe mpaka kwenye kingo nne za kitambaa, na alama zikue kuufuata. Bendera ya Kiribati, inayotumika tangu 1979, ni ngao iliyotandazwa hivyo: ndege juu ya jua linalochomoza kutoka mawimbi meupe na buluu. Hakuna mpaka wa ngao popote.

Majimbo mengi ya Marekani yamebaki na muhuri kwenye kitambaa cha buluu, na ukiyapanga kwa safu huwezi kuyatofautisha ukiwa upande wa pili wa barabara. Minnesota iliiacha bendera yake ya namna hiyo mwaka 2024. Lakini usikimbilie kusema dawa ni urahisi. Maryland imetumia tangu 1904 bendera iliyotokana na ngao ya familia ya Calvert: robo mbili za milia ya njano na nyeusi iliyokatwa na mshazari, na robo mbili za msalaba mwekundu na mweupe unaobadilishana rangi na uwanja. Ni bendera yenye vurugu, na mtoto hawezi kuichora kwa kumbukumbu. Hata hivyo mwaka 2001, chama cha wapenzi wa bendera cha Amerika ya Kaskazini kilipopigia kura bendera 72 za majimbo na maeneo ya Marekani na Kanada, ilitoka ya nne. Kinachoiokoa ni kwamba kila inchi ya kitambaa inafanya kazi. Doa linatokana na udogo wa alama kuliko wingi wake.

Dalili: alama zinazama kwenye uwanja

Geuza faili lako liwe la kijivu. Kama simba ametoweka, umevunja kanuni kongwe kuliko zote katika fani hii. Heraldiki hugawa rangi zake makundi mawili: metali, ambazo ni dhahabu na fedha, na rangi zenyewe, yaani nyekundu, buluu, kijani, nyeusi na zambarau. Metali haiwekwi juu ya metali, wala rangi juu ya rangi. Simba mwekundu juu ya buluu ni kosa. Mwekundu juu ya dhahabu ni Uskochi.

Watu hujichanganya kwa kudhani kanuni inakataza rangi mbili kupakana. Haikatazi. Uwanja uliogawanywa nusu nyeusi nusu kijani unaruhusiwa, maana hizo sehemu ziko ubavuni mwa mwenzake, hakuna iliyo juu ya nyingine. Kanuni ni ya alama juu ya uwanja. Viumbe vinavyochorwa kwa rangi zao za asili nao husamehewa. Tena iko ngao mashuhuri iliyoivunja waziwazi, ile ya Ufalme wa Yerusalemu, yenye misalaba ya dhahabu juu ya fedha. Kosa lake lilikuwa umaarufu wake. Lako litaonekana ni bahati mbaya.

Dawa unayoijua tayari hata kama hujawahi kuipa jina ni ukingo mwembamba wa metali kati ya rangi mbili. Itazame bendera ya Kenya: mistari miwili myeupe inautenga mkanda mwekundu na weusi wa juu na kijani cha chini. Itazame ya Tanzania: mkanda mweusi umekingwa kwa njano pande zote mbili usigusane na kijani wala buluu. Kosa la kawaida ni kuuchora ukingo huu kama uzi. Kwenye bendera ya Kenya uwiano wa mikanda ni 6:1:6:1:6, yaani mweupe ni moja ya sita ya rangi iliyo jirani yake. Kwa kitambaa cha kimo cha sentimita 60, mstari mweupe ni sentimita tatu kamili. Nilipouona uwiano huu kwa mara ya kwanza nilirudi nikanenepesha kingo kwenye faili zangu zote.

Ukingo ukikataa kukaa, kwa mfano alama ina manyoya mengi na ukingo unaifanya ionekane imevaa sweta, jaribu kubadilishana rangi: uwanja nusu mweupe nusu mwekundu, alama nusu nyekundu nusu nyeupe, kinyume chake. Hiyo ndiyo mbinu ya Maryland. Lakini hapo unabadilisha maneno ya ngao, kwa hiyo inafaa kwa ngao uliyoibuni mwenyewe tu.

Dalili: dhahabu imekuwa tope, fedha imekuwa vumbi

Umetumia rangi ya dhahabu yenye kivuli na mng'ao. Dhahabu ya heraldiki kwenye kitambaa ni njano iliyokolea. Fedha ni nyeupe. Ukitumia kijivu, watu watadhani bendera haijafuliwa.

Dalili: simba anakimbia mlingoti

Hii ndiyo inayowasumbua wengi, na hata mimi ilinitoa jasho. Kulia na kushoto kwa ngao hupimwa kutoka kwa aliyeibeba, na si kwako unayeitazama. Yeye amesimama nyuma ya ngao akikukabili. Kulia kwake ni kushoto kwako. Blazoni ikisema alama iko kulia, wewe unaichora kushoto mwa karatasi.

Ukilikubali hilo, la bendera linafuata lenyewe. Upande wa kulia wa ngao huwa upande wa mlingoti. Mnyama ambaye hajaelezwa vinginevyo hutazama kulia kwa ngao, kwa hiyo kwenye bendera huutazama mlingoti. Korongo wa bendera ya Uganda anatazama mlingoti, na simba wa Sri Lanka pia. Sababu yake ni ya zamani lakini ina akili: mbeba bendera akisonga mbele, mlingoti uko mbele na kitambaa kinafuata nyuma, kwa hiyo mnyama anayeuelekea mlingoti anamkabili adui. Akitazama upande wa kupepea, anakimbia. Ndiyo maana jeshi la Marekani hushona bendera iliyogeuzwa kwenye bega la kulia, nyota zikiwa mbele, ili ionekane inapeperuka askari anapokwenda mbele.

Sasa ule mtego wenyewe. Kitambaa kina pande mbili. Ukikizunguka, mlingoti unahamia kulia kwako, na simba anapaswa kuhama naye, bado akiutazama. Yaani upande wa nyuma ni picha ya kioo ya upande wa mbele. Wino ukipenya kitambaa, hilo hutokea lenyewe na huna la kufanya. Lakini ukishona vitambaa viwili mgongo kwa mgongo, vyote vikiwa vimechapishwa faili moja, upande mmoja simba atakuwa shujaa na upande wa pili mtoro. Faili la upande wa pili ligeuze kwanza.

Kwa maandishi ni kinyume. Maneno yakigeuzwa hayasomeki, na ndiyo maana bendera ya Saudi Arabia hutengenezwa kwa namna ambayo shahada inasomeka sawasawa pande zote mbili. Hiyo ni kazi ya ziada na uzito wa ziada. Kama ngao yako haina maneno, usiyatie.

Dalili: pembe tupu, na alama ya chini imekaa kama mgeni asiyekaribishwa

Ngao ni pana juu na nyembamba chini. Alama tatu zikiwekwa bila maelezo mengine, hukaa mbili juu na moja chini, na kwenye ngao hukaa vizuri kwa sababu hakuna nafasi iliyobaki chini. Hamishia kwenye mstatili na ghafla una pembe mbili za chini zisizo na kitu.

Nakuonyesha moja niliyohangaika nayo. Ngao niliibuni mwenyewe: uwanja wa buluu, mkanda wa fedha wenye mawimbi, na makome matatu ya dhahabu. Kitambaa nilikipanga milimita 900 kwa 600. Mkanda ulikuwa theluthi ya kimo, 200, kama nilivyouona kwenye mchoro wa ngao. Makome mawili yalikaa juu, kimo 160 kila moja, yametulia. La tatu lilikuwa chini, nalo 160, peke yake kwenye upana wa 900. Kila upande wake kulikuwa na milimita 370 za buluu tupu. Kwa hatua kumi lilionekana kitufe kilichodondoka.

Jaribio la kwanza lilikuwa kuyapanga makome yote matatu kwenye mstari mmoja. Lilipendeza, na lilikuwa kosa: makome matatu kwenye mstari ni ngao nyingine, ya mtu mwingine pengine. Jaribio la pili, kupunguza urefu wa kitambaa kuwa 750, uwiano wa 4:5. Lilisaidia kidogo, buluu tupu ilishuka hadi 295 kila upande. Hakuna amri ya 2:3 wala ya uwiano wowote katika heraldiki. Bendera ya Uswisi ni mraba, ya Ubelgiji ni 13:15, ya Uingereza ni 1:2, kwa hiyo uwiano ni kifaa chako na una haki ya kuutumia. Lakini peke yake haukutosha.

Kilichotatua ni kurudi kwenye maneno. Yalisema mawimbi. Hayakusema mangapi. Nilikuwa nimechora mawimbi tisa madogo kwa sababu mchoro niliouiga ulikuwa nayo tisa. Nikayafanya matatu makubwa, nikaupunguza mkanda kuwa 150, nikapanga wimbi la katikati lipande juu. Chini ya tumbo la wimbi hilo pakafunguka nafasi kama pango, na kome la chini likakua hadi 230 likaingia humo. Yale ya juu yakakaa kwenye mabonde mawili, kushoto na kulia kwa wimbi, nayo yakafika 190. Mabawa ya mawimbi yakashuka kuelekea pembe za chini na kuzijaza nusu. Hakuna neno hata moja la blazoni lililoguswa.

Huo ndio ustadi wote wa kazi hii: kujua lipi limetajwa, usiliguse, na lipi halikutajwa, ulitumie bila huruma. Idadi ya alama, aina, rangi na mpangilio hutajwa. Unene wa mkanda, idadi ya mawimbi, urefu wa mkia, ukubwa wa alama moja ukilinganisha na nyingine, kwa kawaida havitajwi. Simba watatu wa Uingereza kwenye ngao ni wafupi na wamebanana; kwenye bendera ya kifalme, robo zao zikiwa pana, wamenyooshwa miili kama paka anayejinyoosha jua la asubuhi. Ni wale wale.

Dalili: mshazari haufiki kwenye kona

Kwenye ngao mshazari huchorwa karibu na nyuzi 45. Ukiuhamisha na pembe hiyo hiyo kwenye kitambaa cha 900 kwa 600, ukaanza kona ya juu ya mlingoti, unagonga ukingo wa chini kwenye milimita 600 na theluthi ya kitambaa inabaki nje ya mchezo. Kwenye bendera mshazari hutoka kona hadi kona, na kwa uwiano wa 2:3 hiyo ni kama nyuzi 34.

Mshazari wa kawaida hushuka kutoka juu ya mlingoti. Ule unaopanda kutoka chini ya mlingoti, kama wa Tanzania, kwa lugha ya heraldiki ni mshazari wa kushoto. Utasikia ukiitwa alama ya mtoto wa nje ya ndoa. Ni porojo. Huko Uingereza kilichotumika kuwatambulisha watoto wa namna hiyo wa wafalme ni kijiti chembamba kilichokatwa ncha zote mbili, na hata hicho hakikuwa sheria ya dunia nzima.

Dalili: duara limekuwa yai

Umevuta picha nzima kwa kona moja bila kufunga uwiano. Vinavyoruhusiwa kuvutwa ni uwanja na migawanyo yake: robo, mikanda, milia. Alama hukuzwa kwa uwiano wake, au huchorwa upya.

Dalili: rangi zangu hazilingani na za ngao halisi

Kama chanzo chako ni mchoro wa zamani wa nyeusi na nyeupe, au jiwe, au sarafu, huenda rangi zimo humo humo na umezipita. Tangu karne ya 17 wachongaji walitumia mistari kuonyesha rangi, kwa utaratibu ulioenezwa na Mjesuiti Silvester Petra Sancta katika kitabu chake cha 1638. Nukta ni dhahabu. Patupu ni fedha. Mistari ya wima ni nyekundu, ya mlalo ni buluu, na iliyokatizana wima kwa mlalo ni nyeusi. Ya mshazari inayoshuka kutoka kushoto kwako ni kijani. Inayoshuka kutoka kulia kwako ni zambarau.

Kabla hujashangilia, angalia kama mistari hiyo imejaza eneo lote kwa usawa. Ikiwa imekolea upande mmoja na kufifia mwingine, ni kivuli tu cha mchoraji. Niliwahi kupaka uwanja mzima nyekundu kwa sababu ya kivuli.

Kama tatizo ni buluu ipi au nyekundu ipi, hapo hakuna tatizo. Blazoni inasema buluu. Buluu ya bahari kuu na buluu ya anga zote ni buluu. Chagua itakayoonekana, kisha ibaki hiyo hiyo kwenye faili zote. Angalizo ni kwamba kioo cha kompyuta huwaka kwa mwanga na kitambaa hakina mwanga, kwa hiyo buluu iliyokolea sana hurudi karibu nyeusi. Omba kipande cha majaribio cha kitambaa kile kile kabla ya kuchapa kizima.

Dalili: manyoya ya kingao yamekuwa vumbi la pilipili

Manyoya meupe yenye madoa meusi yanayoitwa ermini huchorwa kwa madoa mengi madogo kwenye ngao. Kwenye kitambaa yapunguze na kuyakuza. Bendera ya Bretagne ya Ufaransa, iliyobuniwa na Morvan Marchal miaka ya 1920, ina madoa 11 tu kwenye pembe yake, na kila moja linaonekana.

Dalili: nimerahisisha mpaka imekuwa bendera ya nchi nyingine

Njia mojawapo ya kuifupisha ngao ni kuchukua rangi zake mbili kuu na kuzifanya mikanda. Poland ilifanya hivyo: tai mweupe juu ya uwanja mwekundu akawa mkanda mweupe juu, mwekundu chini. Utaratibu wa kawaida ndio huo, rangi ya alama juu, ya uwanja chini. Ubelgiji ilichukua tatu kutoka ngao ya Brabant: uwanja mweusi, simba wa dhahabu, kucha na ulimi mwekundu.

Ubaya wake ni kwamba rangi ni chache na nchi ni nyingi. Katika Olimpiki ya Berlin ya 1936, Liechtenstein na Haiti waligundua kwamba bendera zao za buluu na nyekundu zilikuwa sawa, na mwaka uliofuata Liechtenstein ikaongeza taji kwenye yake. Fuata mfano huo: rudisha alama moja kutoka kwenye ngao, iweke upande wa mlingoti juu. Usiongeze mkanda wa tatu wa rangi isiyokuwemo.

Dalili: robo nyingi, kila moja inapiga kelele

Ngao za ndoa na urithi hujaa robo. Robo nne kitambaa kinazibeba. Bendera ya kifalme ya Uingereza inazo nne, simba watatu wakiwa kwenye ya kwanza na ya nne, Uskochi ya pili, kinubi cha Ireland ya tatu, na ikitumika Uskochi simba wa huko ndiye anayechukua ya kwanza na ya nne. Zaidi ya nne, chukua robo ya kwanza peke yake. Ndiyo ya ukoo wenyewe mara nyingi, na zilizobaki ziliingia kwa ndoa.

Dalili: ilikuwa nzuri kwenye kioo, imeharibika kwenye kitambaa

Kingo zenye ngazi: ulitumia picha ya kawaida badala ya mchoro wa vekta, yaani wa mistari inayokuzwa bila kuharibika. Picha yenye pikseli 500 kwa upana, ikivutwa hadi sentimita 90, kila pikseli inakuwa karibu milimita mbili, na utaziona kama vigae. Chora kwa Inkscape au programu nyingine ya vekta na utume faili la SVG au PDF.

Makucha ya simba yameingia kwenye mshono: umesahau upindo wa kupitishia mlingoti. Muulize mchapaji anakula sentimita ngapi, kisha uziongeze nje ya mchoro wako, uwanja ukiendelea mpaka mwisho. Alama ya katikati isogeze kidogo kuelekea mlingoti, kwa sababu upande wa kupepea hujikunja na kufupika machoni. Duara jekundu la Bangladesh limesogezwa hivyo makusudi.

Dalili: nimepata ngao ya jina langu la ukoo

Kwa desturi ya Uingereza na Uskochi ngao ni ya mtu na uzao wake. Hakuna ngao ya jina. Watu wawili wenye jina moja wanaweza kuwa na ngao tofauti kabisa, na wengi hawana yoyote. Karatasini chora unachotaka, ndiyo mazoezi. Kupandisha kitambaa ni jambo jingine: Uskochi ina sheria ya 1672 na mahakama yake ya nembo ambayo bado inafanya kazi, na nembo za taifa zinalindwa kwa sheria katika nchi nyingi. Ukitaka ya kupandisha, buni yako, na kabla hujaipenda sana itafute kama haina mwenyewe.

Dalili: nimeining'iniza wima na simba amelala chali

Umezungusha kitambaa robo duara. Kwa milia hilo linavumilika, kwa mnyama halivumiliki. Tengeneza faili la pili la wima: uwanja ugawanywe upya kutoka kwenye maneno, simba asimame wima kama kawaida, akitazama kushoto kwako. Taji la Liechtenstein huzungushwa hivyo kwenye bendera yao ya wima, likabaki limesimama. Kwa ngao yangu ya makome kitambaa cha wima kilikuwa rahisi kuliko cha mlalo, kwa sababu milimita 600 kwa 900 zilizosimama zinakaribia umbo la ngao yenyewe, na yale mawimbi matatu yaliongezeka kuwa matano.